Kichwa cha Pipa la Sista

Benchi la mbele ya banda la kinyozi lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na kila anayelikalia anajua upande wa kutoegemea. Mchana huo lilibeba watu watatu: Kinyozi mwenyewe, fundi viatu anayeitwa Waziri kwa sababu hajawahi kuulizwa jambo akasema hajui, na muuza kahawa aliyetua birika lake ili apumzishe mkono. Mbele yao lilisimama pipa la bia la chuma, limefungwa taulo la kinyozi kana kwamba linasubiri zamu ya kunyolewa. Wa nne, Fundi Friji, alikuwa amechuchumaa akilikodolea macho. Saa tisa Sista, muuguzi wa hospitali, angepita hapo akitoka kazini kwa mara ya mwisho. Anastaafu. Yeye ndiye aliyemuuguza Fundi wiki tatu za homa ya mapafu, na siku moja, katika kumsahaulisha maumivu, alimwambia kwamba yeye hana makuu: akistaafu anataka glasi moja tu ya bia baridi ya kumiminwa kutoka kwenye pipa, si ya chupa. Fundi aliyashika maneno hayo. Alipopona alichukua friji bovu akalifufua, akatoboa mlango, akafunga koki, akapitisha mpira, akaweka na mtungi wa gesi wa kusukuma bia. Kusema asante kwa mdomo kulikuwa kumemshinda. Alitaka ile glasi imsemee.

– Haikubali, alisema Fundi, akinyanyua mkononi kile kichwa cha chuma cha kufungulia pipa, mipira yake miwili, wa gesi na wa bia, ikitokea kwenye friji pembeni.

– Kizungushe, alisema Waziri.

– Nimekizungusha mpaka kiganja kinawaka. Kichwa changu kinazama katikati ya mdomo wa pipa, ndipo kinazungushwa. Mdomo wa hili unataka kichwa cha kuteleza kutoka ubavuni. Hili silo pipa nililonunua jana. Langu liko wapi?

Kinyozi akakohoa. Waziri akaangalia viatu vya wapita njia.

– Tumelirudisha, alisema Kinyozi. Tumekaa tukaona Sista si mtu wa bia ya hivihivi. Tukachukua hii, ndiyo kali kuliko zote pale dukani. Tena tumeileta kwa miguu, tunaibingirisha tu.

– Mmeibingirisha!

– Barabara nzima. Ilikuwa inaimba.

Fundi alifumba macho. Alitaka kufoka, maneno yakafika mpaka kwenye meno. Lakini hawa ndio waliopokezana kumpelekea uji wodini, hata kama Waziri alikuwa akiunywa nusu njiani. Angewafokea vipi?

– Asanteni, jamani, alisema, na aliimaanisha.

– Usijali, wewe ni wetu, alisema Kinyozi. Sasa tutumie akili. Lete grinda. Hicho kichwa tukinyoe hizo pembe, kitaingia chenyewe.

– Ukikinyoa, gesi itatoka pembeni na bia itamwagika ukutani.

– Basi tukifunge kwa mpira wa baiskeli, alisema Waziri. Juu yake wakae watu wawili wazito. Mmoja ninaye nyumbani.

– Sista atakunywa huku anatazama watu wawili wamekalia pipa?

– Atajua ametukuka.

Muuza kahawa akajisogeza.

– Mimi naona tulitoboe kwa chini, tuikinge kwa birika.

– Humo ndani mna mgandamizo, kaka. Utapaa na birika lako.

– Sawa, tulipoze kwanza, alisema Waziri, sasa amesimama na kidole hewani. Chuma kikipoa si kinasinyaa? Tulizungushie barafu mpaka mdomo usinyae ulingane na kichwa cha Fundi. Likikataa, tunalipindua, tunaliweka juu ya paa la kinyozi, bia ishuke yenyewe kama maji ya mvua. Gesi ya nini?

– Paa langu halibebi hata paka, alisema Kinyozi.

Wakabishana habari ya paa. Fundi hakusikia tena. Alikuwa anaona saa tisa inakuja, na yeye hana cha kumpa yule mama. Akamiminiwa kahawa, akaishika bila kuinywa.

– Mna sherehe ya nani?

Wote waligeuka. Sista alikuwa amesimama nyuma yao, mkoba begani, amewahi kwa saa nzima kwa sababu wenzake walimfukuza kwa mapenzi wasije wakalia mbele ya wagonjwa. Aliangalia pipa, akaangalia kichwa mkononi mwa Fundi.

– Hicho si chake, alisema. Dukani hawakuwapa kichwa chake?

Waziri akafungua mdomo, akaufunga.

– Yule muuzaji, alisema Kinyozi polepole, tulipokuwa tunaondoka alisimama mlangoni anatupungia kitu cha chuma.

– Mkafanya nini?

– Tukampungia na sisi.

Sista alicheka mpaka akashika ukuta. Muuza kahawa akaondoka mbio kuelekea dukani.

– Pipa halibadilishwi, Fundi. Legeza hizo nati mbili, ya gesi na ya bia, utoe hicho uweke kingine. Mipira ni ileile. Na liacheni litulie, mmelitikisa mno.

– Sista, wewe umeyajulia wapi haya? aliuliza Fundi.

– Kwenye mitungi ya oksijeni. Siku ile ulipozidiwa, mtungi wetu uliisha, wakaleta wa aina nyingine, mdomo haukubali kichwa tulichokuwa nacho. Nilikimbia wodi ya watoto, ya wazazi, mpaka chumba cha upasuaji ndipo nikapata kichwa chake. Kiatu kimoja nilikiacha kwenye ngazi.

Fundi akaweka kikombe chini.

– Hukuniambia.

– Ningekuambiaje? Midomo yako ilikuwa ya bluu.

Fundi alisimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kuchuchumaa, lakini alisimama wima, akamtazama usoni.

– Asante, Sista. Ninapumua. Kila asubuhi nikiamka ninapumua, na nakukumbuka.

Sista aliteremsha mkoba begani.

– Miaka thelathini na moja nimebadilisha vichwa vya mitungi, alisema. Wewe ni wa kwanza kuja kuniambia kwamba unapumua.

Akavua viatu, akaketi benchini kati ya Kinyozi na Waziri, akasema bia ataisubiri.