Sindano za Miezi Mitatu

Sindano za miezi mitatu huzuia mimba au huileta? Sabaha, mwanafunzi wa chuo kikuu, alijiuliza ndani ya basi la Ruangwa.

Mbele yake, abiria aitwaye Rabia alimweleza mama wa kiti cha jirani kuwa vifuko vyake vya mayai vina uvimbe, hajaona siku zake tangu msimu wa korosho, na tabibu wa Kichina amempangia sindano za miezi mitatu apate mtoto.

“Mwanangu, hizo si ndizo za uzazi wa mpango?” alimaka mama yule.

“Hizi ni sindano tupu, mama, hazina dawa. Unachomekwa tumboni, unalala nazo kidogo, zinatolewa; hivyo hivyo kwa miezi mitatu.”

“Basi si ukalalie mchongoma!”

Rabia alicheka, lakini hakuwa na hakika tena. Sabaha alitamani kusaidia, lakini chuoni anasomea historia.

Basi liliposimama Ruangwa, Rabia aliwatangazia abiria: “Jamani, sichomwi mpaka nione kwa macho yangu kwamba ndani ya sindano hamna kitu.”