Anyosisye Mwakalobo, Aliyegonga Ukuta Kabla ya Kuwasha Besi

"Mama Tulia, mbona mumeo kila msiba anaanza kwa kugonga ukuta, kama mtu anayebisha hodi mahali pasipo na mlango?" Bi Kuruthumu, jirani yetu mwenye duka, alimuuliza hivyo Esnath, mke wa marehemu, wakimenya ndizi kwenye msiba mmoja. Esnath alimjibu tu, "Ana sababu yake." Leo ameruhusu isemwe.

Ndugu Anyosisye Mwakalobo alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 hapa hapa Kinyala, mtoto wa tatu wa Mzee Jacob na Mama Sekela, watu wa migomba na chai. Alisoma shule ya msingi mwaka 1975 hadi 1981, kisha akaenda Tukuyu kujifunza useremala. Alitengeneza madirisha, vitanda, na majeneza pia. Wengi mliopo hapa mlizika wapendwa wenu katika mbao alizozipiga randa yeye.

Tarehe 22 Septemba 1990 alifunga ndoa na Esnath. Mungu akawapa watoto wanne, wa kwanza akiwa Tulia.

Mwaka 2009 kwaya yetu ilipata gitaa la besi na spika yake, akakabidhiwa yeye. Kanisani besi ilisikika, lakini nje, kwenye mikutano na misibani, ilipotea hewani. "Fundi, hilo gitaa linapiga au linanong'ona?" alimtania Mzee Abrahamu, mwenyekiti wa kwaya. Anyosisye akalichukua sanduku la spika karakanani. Lilikuwa la mbao nyepesi, linakoroma. Akalijenga upya kwa mbao nene, kila mwanya akauziba kwa gundi na unga wa mbao, akaweka vishikio ili lifungwe kwenye bodaboda na kupelekwa mpaka Isongole. Akagundua tena kwamba likikaa juu ya meza sauti inakonda, ila likikaa chini, mgongo ukiegemea ukuta wa nyumba, besi inanenepa na kufika mpaka barabarani. Basi kila alikokwenda alitafuta ukuta.

Tulia alifariki tarehe 9 Agosti 2016 kwa malaria aliyorudi nayo kutoka Kyela. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Baba yake alimtengenezea jeneza mwenyewe. Alipolimaliza, mikono ikakosa kazi, akaenda kufunga mitambo ya kwaya. Sanduku akaliegemeza ukutani, kama kawaida yake. Siku ile besi ilitoka kuliko siku zote, watu wakamsifu hata pale kaburini.

Nyuma ya ukuta ule alikuwa amekaa Esnath kwenye mkeka, mgongo ukutani, jeneza mbele yake. Kila mpigo ulimwingia mgongoni ukatokea kifuani. Ilipofika saa ya kuaga alimwambia mwanawe maneno yake ya mwisho, na yeye mwenyewe hakuyasikia. Hadi leo hajui kama aliyamaliza.

Hakumwambia mumewe kwa miaka mitatu. Mwaka 2019, Anyosisye aliporudi kutoka msiba wa Matwebe akifurahia jinsi besi ilivyotoka, ndipo Esnath akasema, "Baba Tulia, siku ile mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta." Akamweleza yote. Mumewe aliingia karakanani akakaa huko mchana kutwa, na randa haikusikika. Jioni akaja akasema, "Nisamehe, mke wangu. Nilitafuta ukuta, sikuuliza nani yuko nyuma yake."

Tangu hapo, kabla ya kuwasha, aligonga ukuta kwa kiganja mara tatu, akapita mlangoni kuwauliza akina mama mfiwa amekaa wapi. Kama yuko nyuma ya ukuta huo, alilihamishia sanduku kwenye ukuta wa jiko au ukingo wa udongo, hata kama besi itakonda.

Novemba 2024 chakula kilianza kumkwama. Madaktari Mbeya waliona uvimbe kwenye njia ya chakula, umeshakua. Februari alikuwa anakunywa uji tu, Aprili maziwa kwa kijiko, na mwishoni maji kwa pamba midomoni. Mtu aliyekuwa akibeba lile sanduku peke yake, mkewe akawa anambeba kama kapu la chai. Tusiseme hakuteseka. Aliteseka. Siku alizoshindwa kuomba, Esnath aliomba badala yake. Alifariki nyumbani tarehe 17 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na tisa.

Ameacha mke, watoto watatu, Godwin, Prisca na Andrea, na wajukuu watano. Bwana ampumzishe pasipo maumivu, hapa migombani, kando ya Tulia wake.

Siku nne kabla hajafa, sauti ikiwa imebaki kidogo, alimwita Godwin, ambaye ndiye anayepiga besi leo, akamwambia:

"Siku yangu besi ipigwe. Lakini kabla hujawasha, gonga ukuta. Muulize mama yako kama amemaliza kusema na mimi."