Gari Jekundu Lisiloogopa Theluji

Basi lilikuwa likipanda mlima kwenda mji wa Oberstdorf huku theluji ikimwagika. Bibi Walburga alikuwa akimsikiliza jirani yake wa kiti, kijana aliyepanda kituo kilichopita, viatu vimelowa chapachapa.

"Gari langu la mbio, mama, lile jekundu, theluji si kitu kwake. Lina nguvu za farasi mia tano!"

"Umelifungia matairi ya baridi, yale yasiyoteleza kwenye theluji?"

"Ya nini? Yanaharibu sura. Hayo ni yenu waoga, mnabadilisha kila Oktoba."

"Na gunia la mchanga tunaweka nyuma, mwanangu, gari lisiteleze. Sasa mbona uko kwenye basi?"

"Nimelipumzisha. Chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu inakula rangi."

Walburga aliwahurumia farasi wote hao, kushindwa na chumvi.

Kwenye kona ya kanisa, basi likasimama. Gari jekundu lilikuwa limekaa kitako mtaroni, pua katikati ya barabara, taa zinawaka. Dereva wa basi alishuka, akalizunguka, akarudi akijipangusa theluji.

"Jamani, hili lina mwenyewe humu?"

Kijana aliinama kufunga kamba za viatu. Walburga akachungulia: viatu vyenyewe havikuwa na kamba.