Siku Tatu za Pazia na Masikio ya Shusha

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa kumi na moja jioni, Fundi Mkuu wa chumba chetu cha kusikilizia atavua koti lake la kazi kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika duka hili linalouza na kufunga mitambo ya muziki majumbani. Jina lake la kwenye kitambulisho wanalijua mkewe na mhasibu wa duka. Sisi wengine tunamwita Shusha, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kuingia chumba kile, akaongeza sauti, asisikie kutoka nyuma yake: "Shusha kidogo, ndugu yangu, ndiyo utasikia."

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu, nadhani kwa sababu nimefunga nyaya pamoja naye kwa miaka kumi na minne. Meneja wetu aliomba kurasa chache zenye furaha kwa ajili ya kijitabu cha sherehe ya kumuaga. Nimeanza mara tano na kuchana mara nne. Niseme ukweli mapema: nimechanganyikiwa, na msomaji atanivumilia, maana kuchanganyikiwa kwangu ni sehemu ya wasifu wenyewe.

Alianza kwa kutengeneza redio za kaseti kwenye chumba cha nyuma, wakati duka lina meza mbili na feni moja. Kaseti zikaondoka, zikaja sidii. Sidii nazo zikaanza kuaga, na santuri tulizokuwa tumezitupa stoo zikarudi kwenye kabati la kioo, kila mtu akijifanya hakuwahi kuzicheka. Yeye alibaki palepale. Chochote kilichotoa sauti alikifungua, akakisafisha, akakifunga tena bila kubakiza skrubu mezani. Wenzake tuliobakiza skrubu tunajijua.

Sifa yake kubwa ni masikio. Daktari mmoja wa meno, mteja wetu wa siku nyingi, alilalamika kwamba spika zake mpya zinanguruma. Walikwenda mafundi wawili, wakabadilisha nyaya, wakabadilisha amplifaya, mngurumo ukabaki vilevile. Akaenda Shusha. Alisimama katikati ya sebule kama dakika moja, akaomba ruhusa, akaingia jikoni na kuzima friji. Mngurumo ukakoma. Katika nyumba nyingine kulikuwa na mlio uliosikika kila kinanda kilipofika noti moja ya chini. Alikunja karatasi, akaichomeka nyuma ya picha ya harusi iliyoning'inia ukutani, mlio ukaisha. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, akataka kujua karatasi hiyo ni ya aina gani na tunaiuza lini.

Lakini kitakachobaki na jina lake ni pazia. Zamani tulikuwa tunachagua mitambo kwa macho. Iliyong'aa ndiyo iliyosikika vizuri. Shusha akachoka na ubishi wetu, akatundika pazia zito la kahawia na kuweka sheria. Mashine zinakaa nyuma ya pazia, wasikilizaji mbele, kila mtu na karatasi yake, hakuna kunong'onezana. Anayebadilisha mashine anakaa huko nyuma akiwa amezipa mgongo, uso ukutani, asije akaziona zinavyofanya kazi kisha akakohoa au akavuta pumzi kwa namna itakayowapa wenzake fununu. Mtu wa nje angedhani tunacheza kibemasa, ule mchezo wa watoto wa kujificha. Kwetu ni sheria, na imetuepusha na aibu nyingi.

Sasa nifike kwenye mambo ya hivi karibuni. Meneja alileta seva tatu za muziki ili tuchague moja ya kuwashauri wateja, pamoja na programu ya kuiendesha. Kwa wasiojua, seva ya muziki ni boksi linalotunza nyimbo zako zote na kuvuta nyingine kutoka mtandaoni, kisha linazipeleka kwenye amplifaya. Unaliamrisha kwa programu iliyo kwenye tableti. Boksi la kwanza lilikuwa jeusi, zito, la kubebwa na watu wawili. La pili lilikuwa dogo, lingekaa kiganjani. La tatu lilikuwa na kioo mbele kinachoonyesha picha ya mwimbaji, hata pale mwimbaji anapokuwa siye.

Programu ndizo zilizotutoa jasho. Moja ilipanga nyimbo kwa jina la mwimbaji, nyingine kwa jina la mtunzi, ya tatu kwa namna ambayo mpaka leo hakuna aliyeielewa. Kwaya moja ilijitokeza mara nne, kila mara na mwaka wake. Ukigusa hapa, muziki unaanza kule. Dada wa mapokezi alikuwa anazungumza na mteja kwenye simu, akashtukia ngoma zinapigwa juu ya kichwa chake. Mimi niliyezoea waya unaoingia hapa na kutokea pale, kichwa kilinizunguka, lakini nikaona haya kuuliza.

Tukafanya jaribio la pazia kwa siku tatu. Nyuma ya pazia nilikaa mimi, tableti mkononi, uso ukutani kama sheria inavyotaka. Mbele walikaa watano: meneja, wauzaji watatu na Shusha. Muuzaji wetu mkubwa, tunayemwita Profesa kwa wingi wa maneno, alijaza karatasi mbili kila siku. Mashine ya tatu, aliandika, ina besi ya mviringo. Ya kwanza ina kifua kipana. Ya pili ni nyembamba kama mtu aliyeamka na njaa. Meneja alikubaliana naye neno kwa neno. Wauzaji wengine wawili walibishana kuhusu ya kwanza na ya tatu hadi wakaacha kusalimiana. Karatasi za Shusha zilikuwa na mstari mmoja. Siku ya kwanza: "Sisikii tofauti." Siku ya pili: "Sisikii tofauti." Siku ya tatu aliomba zirudiwe mara sita, akafumba macho, akainamisha kichwa, kisha akaandika maneno yaleyale na kutoka nje bila kuaga.

Hakuna aliyemwambia kitu usoni. Nyuma ya mgongo wake ndipo maneno yalipoanza: mzee ana miaka sitini na mmoja, na masikio nayo huchakaa. Profesa alisema kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniuma zaidi, "Tumwache apumzike jamani, kashasikia ya kutosha." Jumatatu iliyofuata Shusha aliweka barua mezani kwa meneja. Angeweza kufanya kazi miaka minne zaidi. Barua ilisema anaomba kustaafu "kwa kuwa masikio yangu hayafai tena kwa kazi hii." Meneja alilia, kisha akatia sahihi.

Tangu siku hiyo Shusha hakuingia tena chumba cha kusikilizia. Alikaa stoo akipanga nyaya kwa urefu. Mkewe, shemeji yetu, alinipigia simu kuniuliza kama mumewe kagombana na mtu kazini, kwa sababu redio ya nyumbani kaifunika kitambaa, na akimsemesha anajibu kwa kutikisa kichwa tu. Nilimwambia ni uchovu. 

Siku chache baadaye nilitumwa kufungua mitambo ile, boksi la kioo, ambalo meneja na Profesa walikuwa wamelichagua, libaki dukani na mengine mawili yarudishwe kwa wenyewe. Safari hii hakukuwa na jaribio, kwa hiyo niliitazama. Kitufe cha amplifaya cha kuchagua mashine kilikuwa kimeelekea namba moja. Juu yake kulikuwa na vumbi, na kwenye vumbi hakukuwa na alama ya kidole. Nikawasha tableti, nikachagua Tatu. Tableti ikaandika "Tatu inacheza", na muziki ukasikika. Nikachomoa waya wa boksi la tatu. Muziki ukaendelea. Nikachomoa wa la pili. Ukaendelea. Programu mojawapo ilikuwa imeyaunganisha maboksi yote kwenye kundi moja ili yacheze pamoja, nami nilidhani inapobadilisha jina kwenye tableti inabadilisha na amplifaya. Kumbe kitufe cha amplifaya kinazungushwa kwa mkono, na hakikuzungushwa hata mara moja. Kwa siku tatu watu wazima watano walisikiliza boksi lilelile jeusi, na mmoja tu ndiye aliyesema hivyo.

Nilikaa sakafuni palepale. Kama nisingeipa mitambo mgongo ningekiona kile kitufe. Lakini sheria ya kuipa mgongo ilikuwa ya Shusha mwenyewe, na nilijivunia kuifuata kuliko mtu yeyote. Sijui kama jambo hili linanitetea au linanidhalilisha zaidi. Nimelipindua kila upande na bado sijui. Nilikaa kimya siku tisa. Naona aibu kuyaandika haya kwenye kijitabu cha sherehe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimwogopa meneja, nilimwogopa Profesa, na nilimwogopa mzee mwenyewe kuliko wote. Ndani ya siku hizo tisa nikapewa kazi ya kuandika wasifu huu. Nilipofika kwenye sentensi ya kusifu masikio yake, kalamu ikagoma.

Nikapiga moyo konde, nikaenda nyumbani kwake Jumapili mchana. Shemeji akaniletea chai, akarudi jikoni. Nilimweleza mzee kila kitu, kuanzia tableti hadi vumbi, nikisubiri anionyeshe mlango. Aliniuliza swali moja tu: "Na Profesa, ile besi ya mviringo aliitoa wapi?" Akacheka mpaka shemeji akatoka kuja kuona kuna nini. Alipomaliza alifuta macho, nikaona hayakuwa machozi ya kicheko peke yake. "Wiki tatu namtazama mke wangu akiongea," alisema, "najiuliza ni mangapi yananipita." 

Jumatatu niliwaambia wote. Meneja alijishika kichwa. Profesa aliomba arudishiwe karatasi zake zote sita. Jumanne tukarudia jaribio, maana yale maboksi mawili nilikuwa bado sijayarudisha. Dada wa mapokezi alikaa nyuma ya pazia akizungusha kitufe kwa mkono, nyaya zimekaguliwa mara mbili, nami nikakaa mbele na wenzangu. Tulikuwa tumeshatiwa adabu, kwa hiyo hakuna aliyetaka kuumbuka tena. Meneja, Profesa, wauzaji wengine na mimi, wote tuliandika kwamba hatusikii tofauti.

Shusha aliandika hivi: "Ya kwanza na ya tatu ni sawa. Ya pili inampandisha mwimbaji anaponong'ona na kumshusha anapopaza. Angalieni mipangilio." Tukaangalia. Ndani kabisa ya programu ya boksi dogo, ukurasa wa nne, kulikuwa na alama ya tiki kwenye sehemu ya kusawazisha sauti za nyimbo. Ilikuja hivyo kutoka kiwandani na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ipo. Tukaiondoa, tukarudia, akaandika: "Sasa zote sawa." Ndiyo ikawa ripoti ya duka, na ni yake ya mwisho: maboksi yote matatu yanatoa muziki uleule, basi mteja achukue lile ambalo programu yake ataielewa bila kutuita. Profesa ameomba nakala.

Meneja alitoa ile barua kwenye droo, akataka kuichana mbele yetu sote. Hapa ndipo ninapochanganyikiwa kuliko mahali pengine popote. Shusha alimzuia. Aliiomba barua, akaomba na kalamu, akaukata ule mstari wa masikio, akatia sahihi pembeni, akairudisha. Tarehe akaiacha ilivyo. Nilimfuata kwenye korido, nikamwuliza sababu mpya ni ipi basi, ikiwa masikio ni mazima. "Nina miaka sitini na mmoja na mke anayeongea," alinijibu. "Unataka sababu gani nyingine?"

Nilikuwa nimemfuata ili nimrudishe kazini. Nilirudi mezani kwangu nikiwa sielewi kwa nini nimefurahi na kuhuzunika kwa wakati mmoja.

Mzee Shusha, tunakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja, kwa mafundi kumi na mmoja uliowafundisha, mimi nikiwa wa saba, na kwa kila mara uliyotushushia sauti na maneno yetu pamoja nayo. Ulipolisikia kosa hili uliniambia niandike yote, nami nimetii. Kosa lilikuwa langu peke yangu, na nimetaka lisomwe na kila aliyekuonea huruma siku zile. Nenda nyumbani kwa amani. Wewe na shemeji mjaliwe afya, raha na maongezi marefu. Mbele ya pazia lile ulikuwa peke yako, mzee wetu, na ulisikia sawasawa.