Soli ya Kushoto ya Mama Wakili

Benchi lenyewe lilikuwa mbao mbili juu ya matofali, ubavuni mwa kibanda cha fundi viatu, ng'ambo ya barabara ukitoka mahakamani. Siku hiyo Fundi hakuwa na raha hata chembe. Mapajani alikuwa na viatu vyeusi vya Mama Wakili, aliyekuwa anastaafu leo hii, na saa nane angepita kuvichukua. Miaka kumi na mmoja iliyopita mama huyo ndiye aliyemtetea asirudishwe nchi aliyoikimbia kwa sababu ya vita, yeye, mkewe na watoto watatu. Uamuzi uliposomwa, Fundi alitoka mbio bila kusema hata ahsante. Neno hilo limemkaa kooni tangu siku ile. Asipolisema leo, basi tena.

Wenzake wawili walikuwa wameshika vikombe vya kahawa. Mmoja, waliyembandika jina la Redio, aliwahi kuwekwa ndani siku tisa bila kusomewa shtaka, eti kaongoza mgomo. Mama Wakili akamtoa, na tangu atoke hajanyamaza. Wa pili, Rufaa, alikuwa mlinzi wa ghala aliyesingiziwa wizi, naye akaachiwa huru kwa mdomo wa mama huyohuyo. Siku hizi hata ukimpa kikombe nusu anakata rufaa.

Fundi akainua viatu.

— Tazameni. Miaka yote namtengenezea, soli ya kushoto ndiyo inayolika. Ya kulia nzima kabisa.

— Jepesi hilo, akasema Redio. Anampiga mateke wakili wa serikali chini ya meza. Nilimwona jamaa anavyorukaruka.

— Acha uzushi, akadakia Rufaa. Shahidi akidanganya, mama anagonga mguu. Kwenye kesi yangu aligonga mpaka sakafu ikatoa vumbi.

— Sakafu ya marumaru, vumbi la wapi?

— Nakata rufaa.

— Mimi nakwambia pale chini kuna kitufe. Akikikanyaga, jaji anamkumbuka mama yake mzazi, roho inalainika.

— Jaji yupi?

— Wote. Wameunganishwa waya mmoja.

Rufaa akacheka mpaka akapaliwa. Fundi hakucheka.

— Kizimba kiko kushoto kwake, alisema taratibu. Siku nne za kesi yangu alisimama ameegemea upande wangu. Kila nikigeuka namwona yupo. Kila anayemtetea humwegemea hivyo, soli inalika kwa hilo.

Redio akakoroga kahawa isiyo na sukari, kisha akamgeukia Fundi.

— Sasa utamwambiaje? Mtu wa sheria anashukuriwa kisheria. Anza na "Mheshimiwa", halafu hoja ya kwanza, hoja ya pili.

— Na mashahidi, akasema Rufaa. Mimi shahidi namba moja.

— Wewe utatuharibia. Utakata rufaa kabla hatujashinda.

— Namba moja ni yangu, siiachi!

Wakapandishiana sauti, huyu hoja, yule mashahidi, mpaka hawakumsikia Mama Wakili akija kwa ndala, joho lake la mahakamani limekunjwa mkononi.

— Mnabishania nini, baba zangu?

Swali dogo tu. Redio akachungulia ndani ya kikombe chake. Rufaa akaangalia barabarani kana kwamba swali ni la watu wa huko.

Fundi akasimama.

— Mama, siku ile nilitoka mbio. Sikukushukuru. Nisamehe. Ahsante sana, mama yangu.

Mama Wakili akaliweka joho kwenye benchi.

— Siku ile nilikuwa dirishani pale mahakamani, akasema. Asubuhi ile nilikuwa nimeandika barua ya kuacha kazi. Nilishashindwa kesi nne mfululizo, watu wanne wamepandishwa ndege kurudishwa makwao nikiwaona kwa macho yangu. Mara nakuona unavuka barabara hii, koti linapepea, unamwita mkeo njia nzima. Ile barua nikaichana.

Machozi yakamtoka Fundi, wala hakuyafuta. Akainama kwenye birika ammiminie kahawa. Likatoa tone moja, basi.

— Imekwisha, mama. Lakini usiondoke. Nabandika nyingine sasa hivi.

Rufaa akasogea bila kubisha, na Mama Wakili akaketi katikati yao.