Stanimira Velcheva, Mwalimu Aliyewauliza Akina Mama

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Bi Stanimira Velcheva anastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu cha ufundi kwa miaka thelathini na minne. Alianza akiwa mwanamke pekee katika karakana ya umeme. Anaondoka akiwa mkuu wa idara. Aliyewahi kumrudishia bisibisi yenye grisi anajua kwamba macho yake yalitosha kuwa adhabu.

Miaka kumi na mitano iliyopita, bodi ilitunga sera ya kuwavuta wasichana kwenye sayansi na ufundi. Ilitungwa ofisini, ikapigwa muhuri, ikabandikwa ukutani. Mwaka ule waliingia wasichana watano kutoka vijiji vya bonde la Arda. Kufikia Februari alibaki mmoja. Kwenye kikao cha walimu ikasemwa kwamba wasichana wa huku hawana moyo wa mashine.

Bi Velcheva hakubishana. Agosti alipanda vijijini, akaketi na akina mama waliokuwa wakitunga majani ya tumbaku kwenye nyuzi, naye akatunga. Siku ya tatu ndipo mmoja wao, Gyulten, mama wa mmoja wa wasichana walioacha masomo, alipomfungulia moyo.

"Mwalimu, Aysel wangu hesabu alizipenda. Lakini karakana mnafunga saa kumi na moja na nusu, na basi la mwisho linaondoka saa kumi. Kilomita saba kwenye theluji, mtoto wa kike, peke yake. Wewe ungemruhusu?"

"Mbona hamkusema, dada?"

"Nani alituuliza?"

Bi Velcheva alirudi chuoni akitaka akina mama waketi mezani ili sera iandikwe upya, tena wawe na kura. Mkurugenzi wa wakati ule akamjibu kwamba wakulima wa tumbaku hawaandiki sera. Akamtoa kwenye kamati ya sera, akampeleka kutunza stoo ya vifaa. Alikaa huko miezi kumi na minne bila kulalamika, na kila Jumamosi akapanda vijijini. Akina mama kumi na mmoja wakaandika sera yao, ukurasa mmoja na nusu: mafunzo ya karakana yawe asubuhi, choo cha wasichana kiwe na mlango unaofungika, wazazi wapige kura. Bodi mpya ilipoingia, iliipitisha bila kugusa neno.

Leo, katika kila wanafunzi kumi wa umeme, wanne ni wasichana. Jina la Bi Velcheva halimo kwenye sera ile. Yamo majina ya akina mama walioiandika.

Bi Velcheva, asante kwa subira yako, na kwa kutufunza kusikiliza kabla ya kushika kalamu. Tunakuombea afya, na asubuhi nyingi zisizo na kengele.

Nilipompelekea wasifu huu aupitie, alifuta sifa nyingi, kisha akaongeza sentensi moja kwa mkono wake. Naiacha kama ilivyo: "Aysel hakurudi shuleni, anashona viatu ugenini, na kosa lile lilikuwa letu."

Ognyan Raykov, Idara ya Umeme