Mama Elise na Saa ya Tata Mulumba

Mama Elise Ngoyi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya kupokea saa, pete na mikufu ya watu mlangoni pa ukumbi wetu wa elektrolizi. Kazi ya kuandika habari zake alipewa Tata Muteba, mwenye kalamu nzuri. Yuko likizo. Mmebaki na mimi, mvumilie.

Kwa jamaa na wageni wasioujua ukumbi huo: humo ndani umeme huivuta shaba kutoka kwenye maji ya asidi na kuibandika kwenye mabamba, na umeme wenyewe ni mwingi hata mahali pote panakuwa kama sumaku. Saa ya springi ikiingia humo inachanganyikiwa. Ndiyo maana kila anayeingia huvua alichovaa, humkabidhi Mama Elise, naye hukitundika kwenye msumari ndani ya kabati lake. Mkurugenzi huvua. Padri aliyekuja kubariki mitambo alivua msalaba, akaingia kubariki kwa mikono mitupu.

Fundi Modeste ndiye aliyejaribu kumkwepa. Aliificha saa yake ndani ya mkono wa salopeti, ovaroli yake ya kazi, ikaanza kukimbia, naye akaifuata. Alifika kantini kabla moto haujawashwa, akawakaripia mama wa jikoni kwa uvivu. Walimwonyesha jua.

Wengine husahau vyao, hasa pete za ndoa, sijui kwa nini. Pete iliyolala kabatini Mama Elise aliipeleka nyumbani kwa mwenyewe, akamkabidhi mke. Siku hizi pete hazilali. Saa yangu mimi, ya plastiki, niliyoinunua soko la Manika, aliipokea kila asubuhi kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa mjusi.

Lakini saa iliyomkaa moyoni ilikuwa ya Tata Mulumba, msimamizi wa zamani. Ilikuwa saa ya kwenda nayo misani: nyembamba, iliyopakwa dhahabu, uso wake rangi ya maziwa, mishale myembamba kama sindano. Dhahabu ilikuwa imeanza kufifia pembeni, pale ilipokuwa ikisuguana na shati. Baba yake alikuja nayo kutoka Kasai, na mwanawe aliivaa hata juu ya salopeti iliyotobolewa na asidi. Wenzake walimtania kwamba anakuja kuoa shaba.

Asubuhi moja, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, Tata Mulumba aliikabidhi saa kama kawaida, akaingia, akaanguka kwa homa kali. Walimpitisha mlango mwingine kumkimbiza hospitali. Kabla hajapona, kiwanda kilifungwa na watu wakatawanyika.

Mama Elise alirudi nyumbani na saa ya mtu. Akawa anauza maandazi, na ilikuwa miaka migumu. Walionunua maandazi wakawa wanaiulizia na saa pia. Aliwajibu wote vilevile: "Alinipatia niichunge, hakunipatia niiuzishe." Kila asubuhi aliijaza ufunguo, ili isisahau kutembea. Kiwanda kilipofunguliwa tena, aliirudisha kwenye msumari wake kabla hata ya kuuliza mshahara utakuwa kiasi gani. Aliambiwa Tata Mulumba alirudi kwao Kasai, basi kila msafiri wa Mbujimayi, mji wa huko, aliondoka na ujumbe wake. Hapakuja jibu.

Januari mwaka huu ofisi ilitoa agizo: kabla hajastaafu, kabati likabidhiwe tupu, na visivyo na mwenyewe viuzwe. Hapo Mama Elise akaanza kumsimulia kila mtu habari za saa, hata dereva wa taksi-moto, ile pikipiki ya abiria, aliyekuwa amemgeuzia kisogo. Siku moja sokoni Manika alimsimulia muuza kufuli mmoja. Yule tata aliweka kufuli chini, akamuuliza kama mkanda wa hiyo saa ulishonwa kwa uzi wa kijani.

Jina lake Ntambwe. Ni mdogo wake Mulumba. Yeye ndiye aliyemtoa kaka yake hospitali na kumvua nguo akiwa hajijui, na kaka alipopata fahamu bila saa ya baba, alijua wa kumshuku. Kuivua mlangoni hakukumbuka hata kidogo. Jambo unalolifanya kila siku halikai kichwani. Tata Mulumba alihamia Dilolo kufanya biashara, na tangu hapo hajamsalimia mdogo wake, hata kwenye kilio cha mama yao.

Mama Elise, ambaye tangu agizo lile alitembea na saa kwenye kitenge, aliitoa palepale. Ntambwe akarudisha mikono nyuma. "Mama, nikiipeleka mi, atasema mwizi amerudisha."

Basi mama wa miaka sitini, mwenye magoti mabovu, aliomba ruhusa na kupanda lori la Dilolo, juu ya magunia ya sukari, saa ameifunga kwenye pindo la kitenge. Ntambwe alimsindikiza, lakini walipofika alibaki barabarani, akisema anachunga mizigo. Mizigo yenyewe ilikuwa mfuko mmoja.

Tata Mulumba sasa haoni vizuri, lakini sauti ya Mama Elise aliitambua kabla hajaketi. Mama alimweleza yote, akaiweka saa mkononi mwake. Mzee aliipeleka sikioni, akaisikiliza muda mrefu. Kisha akauliza: "Na mudogo yangu, iko wapi?"

Alipoambiwa, alitoka bila viatu. Alichomwambia mdogo wake barabarani, Mama Elise hatuambii. Tumembembeleza kwa chai na kwa soda. Anachosema ni kwamba bukari, ugali wetu, ilipoiva, walikula wote wawili sahani moja.

Kabati limekabidhiwa, tupu. Ijumaa ndugu hao watakuwa nasi, na wasimamizi wa viti wameombwa wasiwatenganishe.

Mama Elise, asante kwa kutuvua mali zetu kila asubuhi na kuturudishia zote jioni. Pumzika, na magoti yapone. Tunakuombea maisha marefu na mema, na nyumba isiyokosa wageni.